Tofali la Mama Vitumbua: foleni ya maji iliyojipanga yenyewe

Kisa hiki nimekishuhudia mwenyewe, nikiwa nimesimama kwenye hiyo foleni na ndoo zangu mbili za bluu. Mtaa siutaji. Watu nimewaita kwa shughuli zao, na mambo mawili matatu yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha bila kugusa mtiririko wa tukio. Nakiandika kwa ajili ya wenzangu tunaofanya kazi na jamii: watendaji wa mitaa, walimu, wasimamizi wa miradi ya maji. Sisi tukikuta vurugu mahali, swali la kwanza kututoka mdomoni ni "msimamizi hapa nani?" Pale kisimani swali hilo halikuwa na jibu kwa wiki nyingi, na maji yalichotwa.

## Mazingira

Dar es Salaam inakunywa Ruvu. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya maji ya jiji, kwa hiyo mto ukipungua, jiji zima linahisi. Oktoba 2022 mto ulipungua hasa. Uzalishaji ulishuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi kama milioni 300, na mgawo ukatangazwa. Mtaa wetu uko kwenye muinuko. Hata siku ya zamu yetu, presha ilikuwa inafika shingoni mwa kilima na kuishia hapo; ukifungua koki unasikia mluzi wa hewa, kisha kimya.

Ni mtaa wa nyumba za kupanga, vyumba sita hadi kumi kwa nyumba, uani kwa pamoja. Katikati yake yuko Mzee mmoja mstaafu mwenye kisima kirefu alichokichimba miaka ya nyuma kwa ajili ya bustani yake. Maji yana chumvi kidogo, ya kunywa hayafai, ila kufua, kuoga na kudeki yanatosha, na mwenye shida hupikia pia. Ana simtanki la lita 5,000 juu ya mnara wa zege na koki moja iliyotokezwa nje ya ukuta, inayoangalia barabara. Kabla ya mgawo walikuwa wanachota watu wachache, shilingi 100 kwa ndoo ya lita 20. Pesa anapokea mjukuu wake, kijana wa miaka kama kumi na saba, anayekaa kwenye kiti cha plastiki na simu yake.

Shikeni hesabu moja, maana kila kitu kinazungukia hapo. Koki ile ilikuwa inajaza ndoo kwa sekunde kama arobaini. Tanki likijaa linatoa ndoo 250, yaani chini kidogo ya saa tatu za kuchota mfululizo. Likiisha, Mzee anawasha pampu, na pampu hiyo haikubali kuharakishwa: saa tatu nyingine mpaka tanki lijae. Mzee hakuwa anafungua koki huku pampu ikivuta, kwa hofu ya kuiunguza. Kwa hiyo siku ilikuwa na mafungu mawili, mara chache matatu. La kwanza saa kumi na moja alfajiri, ndilo kila mtu alilokuwa analitaka.

## Wiki ya vurugu

Siku nne za mwanzo ilikuwa mwenye nguvu mpishe. Watu walijazana kwenye koki kama abiria kwenye mlango wa daladala jioni. Ndoo zilikuwa zinasukumwa kwa miguu chini ya koki, nusu ya maji inaingia, nusu inamwagika kwenye tope. Binti mmoja wa shule alisukumwa akachubuka goti. Jagi la mtu lilipasuliwa. Mjukuu akawa anafunga koki kila kelele zikizidi, jambo ambalo lilizidisha kelele.

Siku ya tatu Mzee alitoka na msuli wake, akasema maneno ambayo nayakumbuka kwa sababu ndiyo pekee aliyosema kuhusu foleni kwa muda wote ule: "Mimi nauza maji, siuzi ugomvi. Mkipigana nafunga." Akarudi ndani. Hakusema nani aanze, hakuweka zamu, hakuteua mtu.

Nilichokipima mwenyewe asubuhi ya siku ya nne ni hiki: tanki ambalo lingetoa ndoo 250 liliisha watu wamebeba, kwa makadirio yangu, mia na themanini hivi. Zilizobaki zilikuwa ardhini. Kila mmoja aliyesukuma alipata alichosukumia, ila kwa pamoja tulikuwa tunamwaga zaidi ya robo ya tanki.

## Ndoo iliyolala nje

Mama Vitumbua alikuwa na shida kuliko wengi. Yeye huwasha moto saa kumi alfajiri, na unga wake wa mchele aliokwishausaga haungoji. Usiku wa siku ya nne, kama saa tatu, alikwenda akaiweka ndoo yake chini ya koki, ameifunika kichwa chini kitako juu, akarudi kulala. Baadaye nilimuuliza kama alikuwa amepanga kuanzisha utaratibu. Alicheka. Alisema alikuwa amechoka kusimama, na ndoo ilikuwa na ufa mdogo, kwa hiyo hata ikiibwa asingelia sana.

Saa kumi na nusu alipofika, nyuma ya ndoo yake kulikuwa na nyingine nne, zimefunikwa vilevile, zimenyooka kuelekea barabarani.

Hapo ndipo ningependa msomaji akae kidogo, kwa sababu ndiyo kiini cha kisa. Yule wa pili alipita usiku, akakuta ndoo ya mtu imelala peke yake chini ya koki. Angeweza kuisukuma kando kwa mguu, hakuna aliyekuwa anaona. Badala yake akaiweka ya kwake nyuma. Kwa nini? Nilimpata mmoja wa wale wanne, fundi cherehani, akanieleza kwa lugha iliyonyooka kuliko ya kitabu chochote: "Nikiisogeza yake, anayekuja baada yangu naye ataisogeza yangu. Nikiiacha, naye ataniachia." Wa tatu akikuta mbili zimepangana, hoja inakuwa nzito zaidi. Wa nne akikuta tatu, hana hata haja ya kufikiri. Pale pana foleni.

Asubuhi ile walichota watano bila neno, kisha vurugu ikarudi kwa wale ambao hawakuweka ndoo usiku. Usiku uliofuata ndoo zilikuwa kumi na tisa.

## Kutoka ndoo hadi tofali

Ndoo nzuri haiachwi nje usiku Dar es Salaam. Mbili ziliyeyuka usiku wa tatu. Kuanzia hapo watu waliacha kuweka ndoo, wakawa wanaweka kitu kisichoibika: tofali nusu, kandambili moja isiyo na mwenzake, kifuniko cha sufuria kilichopinda, dumu lililokatwa mdomo, jiwe lenye alama ya mkaa. Mama Vitumbua aliweka tofali la kuchoma lililomeguka pembe. Asubuhi moja nilivihesabu vitu hivyo kabla ya jua: sabini na kimoja, mstari umekata kona ya ukuta. Mgeni angedhani ni takataka zilizoachwa na mvua. Kwetu kila kimoja kilikuwa mtu. Ungesikia kabisa, "niko nyuma ya kandambili nyekundu", au "huyo kifuniko ni nani mbona hafiki?"

Wajanja hawakukawia. Mtu mmoja aliweka vitu vitano vya sehemu tano tofauti, asubuhi akauza nafasi nne kwa shilingi 200 kila moja. Haikuitishwa kikao. Kilichotokea ni kwamba koki ilipofunguliwa na zamu ikafika kwenye jiwe lisilokuwa na mtu pembeni, aliyekuwa nyuma yake alilisogeza kando kwa mguu, polepole, kama mtu anayeondoa mwiba njiani. Hakulitupa. Aliliweka pembeni ya ukuta. Mwenye jiwe alipokuja mbio akitweta, wakamwambia aingie baada ya huyu anayechota sasa. Alikubali, na wa nyuma wakakubali. Kesho yake ikawa ndiyo desturi: kitu bila mtu kinasubiri ukutani, na mwenyewe akifika anaingia baada ya anayechota. Yule mjanja alishindwa kuwa sehemu tano kwa wakati mmoja, na biashara yake ikafa bila kufukuzwa na mtu.

## Mtu wa guta

Wiki ya pili alikuja muuza maji wa guta, ana madumu ishirini na tano yamefungwa kwa kamba ya katani. Aliweka jiwe lake usiku kama wengine, asubuhi alikuwepo kama wengine. Kwa sheria iliyokuwepo alikuwa na haki kamili. Lakini zamu yake moja ilikuwa lita 500, sehemu ya kumi ya tanki, na kwa koki ile ni zaidi ya robo saa huku akina mama wamesimama na watoto migongoni. Dumu moja alikuwa analiuza shilingi 500 kwenye nyumba za juu.

Alijaza la kwanza, la pili, la tatu. Alipoinama kuchukua la nne, bibi mmoja mfupi aliyekuwa nyuma yake aliingiza ndoo yake chini ya koki. Hakufoka. Alisimama tu, mkono mmoja kiunoni, akiangalia maji yanavyoingia.

"Bibi, mi nimepanga foleni," jamaa akasema.

"Umepanga moja, baba. Moja ni tatu."

Moja ni tatu haikuwa imetajwa na mtu kabla ya siku ile. Ila hakuna aliyeshangaa, maana kila aliyekuwa pale alikuwa anabeba tatu au pungufu: moja kichwani juu ya kata, mbili mikononi. Kipimo kilitoka kwenye mwili wa mtu. Ingekuwa ni kikao, tungebishana kama ziwe mbili au nne, wenye familia kubwa wangetaka sita. Bibi yule alitamka kitu ambacho macho ya wote yalikuwa yamekizoea, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kushawishiwa. Ndoo ya tatu ya bibi ilipojaa, wa nyuma yake akaingiza yake, na foleni ikaendelea kana kwamba jamaa wa guta amekwisha kuondoka.

Alinuna siku mbili. Siku ya tatu alirudi saa saba mchana, fungu la pili limebaki nusu, jua kali, watu wamekwisha kuchota na wengine wako jikoni. Alijaza madumu yake yote bila bughudha. Tangu hapo mchana ukawa wa guta. Nilimkuta siku moja anamweleza mwenzake wa guta aliyekuja asubuhi: "Hapa asubuhi tatu tatu, ndugu yangu. Rudi saa saba." Aliyekuwa mvunja utaratibu ndiye aliyekuwa anaufundisha kwa wageni, na alikuwa na sababu zake: akijua saa ya kuja, hapotezi nusu siku.

## Daftari

Wiki ya tatu mjumbe wetu alisikia kuna foleni ya matofali akaona aibu kwa niaba ya mtaa. Ni mtu mwema, na alichokifanya ndicho ambacho wengi wetu tungefanya. Alinunua daftari kubwa, akatangaza kwamba majina yataandikwa kwake kila siku saa moja jioni, kila mtu atapewa namba, na asubuhi mjukuu wa Mzee ataita kwa namba. Nilifurahi, nakiri. Nilimsaidia hata kuchora mistari.

Daftari liliishi siku nne.

Siku ya kwanza lilikwenda vizuri. Siku ya pili waliorudi kazini saa mbili usiku walikuta namba zimefika sitini, wakalalamika kwamba hawakujua. Siku ya tatu ukazuka mnong'ono kuwa namba tatu, nne na tano zote ni za nyumba ya mjumbe. Sijui kama ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeliona daftari lile kwa ukaribu na sikuona kilichonishtua, lakini nilipowaambia watu hivyo walinitazama kwa namna ambayo ilinieleza kwamba na mimi sasa ni wa daftari. Siku ya nne, alfajiri, kulikuwa na foleni mbili: namba kwenye karatasi na matofali ardhini. Mjukuu alisimama katikati, karatasi mkononi, akaangalia namba, akaangalia matofali, akafungua koki na kurudi kwenye kiti chake. Watu wakafuata matofali.

Mjumbe hakugomba. Daftari lenyewe lilibaki kwa mjukuu, akawa anaandikia madeni ya wanaochota kwa mkopo.

## Siku mbili bila umeme

Mtihani mkubwa haukuwa ugomvi. Jumamosi moja Luku ya Mzee iliisha usiku na mashine ya kununulia umeme ikawa inasumbua, kisha umeme wenyewe ukakatika eneo zima. Tanki likabaki tupu. Kwenye mstari kulikuwa na vitu hamsini na kitu. Watu walikwenda kutafuta maji kwingine, wengine kwa ndugu zao mtaa wa pili, wengine wakanunua ya boza kwa kuchangishana.

Nilipita pale mara tano au sita kwa siku mbili hizo. Mvua ndogo ilinyesha, kuku wa jirani walikuwa wanaparua katikati ya mawe, watoto walicheza mpira pembeni na mpira ulipogonga kandambili ikaruka, mtoto mmoja aliikimbilia akairudisha mahali pake. Umeme uliporudi Jumatatu usiku, mstari ulikuwa vilevile. Watu hamsini walichota kwa mpangilio wa siku mbili nyuma, na wengi wao walikuwa hawajaonana tangu Jumamosi.

## Mwisho wa mgawo

Mvua zikaja, mto ukapanda, mabomba yakaanza kutoa. Foleni ilikufa kwa siku moja. Hakuna aliyetangaza kufungwa. Matofali yalibaki ukutani, mengine yakaokotwa na watoto, mengine yakawa mafiga ya mtu. Kwa jumla yake, kwa wiki zote zile baada ya ile ya kwanza, niliona ugomvi wa mikono mara mbili tu, na tanki lilikuwa linatoa ndoo zake 250 karibu zote.

## Uchambuzi: kwa nini tofali lilishika na daftari likaanguka

Vyote viwili vilikuwa vinasema kitu kilekile: nani alitangulia. Tofauti iko mahali ambapo habari hiyo ilikaa. Daftari lilikaa kwenye chumba cha mtu mmoja, na ili uliamini ulipaswa kumwamini yeye. Tofali lilikaa barabarani, likitazamwa na kila anayepita kwenda dukani. Kama mtu angelisogeza, shahidi alikuwa kila mwenye kitu nyuma yake na mbele yake, kwa sababu wa mbele angeuliza "mbona nyuma yangu kuna jipya?" na wa nyuma angeuliza "mbona nimerudi nyuma?" Kila kitu kilikuwa kinalindwa na majirani zake wawili, na hao walikuwa wanajilinda wenyewe. Mjumbe alikuwa mwaminifu, sina shaka naye, lakini uaminifu wake haukuwa unaonekana kwa macho saa kumi za alfajiri.

Mwanazuolojia Mfaransa Pierre-Paul Grassé aliandika mwaka 1959 kuhusu mchwa wanavyojenga. Mchwa hana mchoro wala fundi mkuu. Anatema tonge la udongo lenye mate yake, na tonge hilo lenyewe, kwa harufu yake, linamvuta mwingine aweke la kwake hapohapo. Kazi iliyokwisha kufanyika ndiyo inayotoa maelekezo ya kazi inayofuata, na kutoka hapo kinainuka kichuguu kirefu kuliko mtu. Mimi nimekulia kwenye vichuguu na sikuwahi kulitazama jambo hilo hivyo. Ndoo ya Mama Vitumbua ilikuwa tonge la kwanza. Hakumwambia mtu chochote, ndoo ilisema. Ila mfano una kikomo chake, na nisingependa mtu aubebe mzimamzima: mchwa hajui kuuza nafasi nne kwa shilingi 200. Binadamu anajua, na kwa hiyo foleni yetu ilihitaji kitu ambacho kichuguu hakihitaji, adhabu.

Na adhabu ile nadhani ndiyo sehemu iliyotengenezwa kwa ustadi kuliko zote, ingawa hakuna aliyeitengeneza. Elinor Ostrom, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alianzia utafiti wake kwenye visima: tasnifu yake ya mwaka 1965 ilihusu maji ya ardhini ya eneo la Los Angeles, ambako watu walikuwa wamevuta mpaka maji ya bahari yakaanza kupenya chini kwa chini. Baadaye, kwa kulinganisha jamii za wavuvi, wafugaji na wamwagiliaji sehemu nyingi za dunia, aliona kwamba palipodumu utaratibu wa watu wenyewe, adhabu ya kosa la kwanza ilikuwa ndogo, na ilipanda taratibu. Jiwe kusogezwa ukutani ni adhabu ya dakika moja. Inamwambia mkosaji "tumekuona" bila kumtoa kwenye jamii, kwa hiyo hana sababu ya kurudi na hasira. Lingetupwa mtaroni, tungekuwa na vita.

Jamii nyingi alizozichunguza Ostrom zilikuwa na vizazi nyuma yao. Hapa nyumbani, mifongo ya Wachagga kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ile mifereji inayoshusha maji ya mlimani hadi kwenye migomba, ina koo zake, wazee wake, na siku zake za kusafisha ambazo asiyefika anatozwa. Foleni yetu haikuwa na mzee wala ukoo, na ilijengeka ndani ya siku chache. Nadhani kilichofupisha muda ni kwamba watu walewale walikuwa wanakutana kila alfajiri. Ukimchomekea mtu leo, kesho saa kumi na moja uko naye begani. Kwenye stendi ya mabasi ya mikoani, ambako humwoni tena uliyemruka, sidhani kama tofali lingeshika.

## Yaliyoshindikana

Nisiandike kama mtu aliyependa foleni kuliko watu waliosimama ndani yake.

Sharti la kwamba kitu lazima kiwe na mtu lilimkomesha mlanguzi, na gharama yake wakailipa watoto. Mama akiwa na mtoto mchanga, au akiwa ameshawasha jiko, aliyepelekwa kusimama karibu na jiwe ni mtoto wa darasa la tano. Niliwaona kila siku, wamevaa sare kabisa, begi mgongoni, wanangoja zamu huku wakitazama jua. Kengele ilikuwa inawakuta bado wanabeba. Hakuna aliyeamua watoto wachelewe shule, kwa hiyo hakukuwa na wa kumlalamikia.

Mlinzi wa usiku anayerudi saa moja asubuhi hakuwahi kupata fungu la kwanza. Alikuwa hawezi kusimama na jiwe lake kwa sababu alikuwa analinda mali ya mwingine. Alinunua kwa guta, kwa bei ya guta, wiki zote zile. Mwanamke mgonjwa nyumba ya tatu alichotewa na jirani, na hilo lilikuwa hisani ya jirani, halikuwa sehemu ya foleni. Foleni ilikuwa inajua kitu kimoja tu, nani alitangulia. Nani ana shida zaidi haikuwa inaona, na haikujifunza kuona hata ilipofika mwisho. Daftari la mjumbe lilikuwa na safu ya wagonjwa na wazee. Mimi ndiye niliyeichora. Ilikufa pamoja na daftari, na hadi leo ndicho kitu kinachonikera zaidi katika kisa hiki.

## Na Mzee je?

Msomaji makini ataniuliza: si Mzee alikuwa na ufunguo? Alikuwa nao. Koki ni yake, pampu ni yake, tishio la kufunga lilikuwa juu ya vichwa vyetu, na bila tishio lile sijui kama wiki ya vurugu ingeisha haraka hivyo. Wiki ya pili alipandisha bei kuwa 150 na tulilipa. Kwa hiyo kusema pale hapakuwa na mamlaka ni kujidanganya. Ninachosema ni chembamba zaidi: mamlaka yake yaliishia kwenye ufunguo. Lini maji yanatoka na kwa bei gani, hilo lake. Nani kabla ya nani, hakuwahi kuligusa. Nilimuuliza mwaka jana kama alijizuia kwa makusudi. Alinijibu kwamba akianza kuamua nani atangulie, kila asubuhi mlango wake ungegongwa saa kumi, na yeye ana presha.

## Baada ya hapo

Karibu mwaka mmoja na nusu baadaye, mafundi wa barabara walikata bomba kuu la upande wetu na maji yakapotea siku tatu. Jioni ya siku ya kwanza nilichukua ndoo zangu nikatelemka kwa Mzee nikijiandaa kwa vurugu za siku nne. Nilikuta mstari umeshafika kwenye kona. Mbele kabisa, chini ya koki, lilikuwa tofali la kuchoma lililomeguka pembe, na pembeni yake amekaa binti ambaye simfahamu, mpangaji mpya kwa sura.

"Hilo la nani?" nikamuuliza.

"La Mama Vitumbua."

"Si alishahama?"

"Wanasema. Mi nimelikuta ukutani, wakaniambia la mbele ndilo hilo." Akalisogeza kidogo kwa kidole cha mguu, likanyooka na koki. "Kaka, weka chako nyuma ya kifuniko."

Nikaweka.